Sura ya Nne: Msimbo Wazi, Kampuni Kubwa na Haki ya Mwananchi

Utemini ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Singida, na maisha ya kila siku ya wakazi wake, kama yalivyo maisha ya wakazi wa miji mingine ya mikoani nchini Tanzania, yamefungamana na programu za kompyuta kuliko wengi wao wanavyotambua. Mkazi anayetoa pesa kwa wakala wa mtandao wa simu, mzazi anayelipia huduma ya Serikali kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, mama mjamzito anayeandikwa katika vitabu vya kliniki, na mwanafunzi anayenunua bando ili apakue mitihani iliyopita, wote hupita katika mifumo iliyoandikwa na watu wasiowajua, kwa masharti ambayo hawakuulizwa. Sura hii inachunguza suala la haki lililomo ndani ya hali hiyo, yaani ni nani mwenye mamlaka ya kuichunguza mifumo hiyo, kuirekebisha inapokosea na kuizuia inapomdhuru mtu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uwazi wa msimbo ni sharti la lazima la uhuru wa raia na wa taifa katika zama za kidijitali, ila sharti hilo halijitoshelezi. Uwazi huzaa matunda pale unapopata wataalamu wanaolipwa kuutunza, na pale sheria inapolinda taarifa za watu na njia zao za mawasiliano. Ukikosa mambo hayo mawili, hubaki kuwa ruhusa iliyoandikwa ambayo hakuna anayeweza kuitumia.

Maana ya chanzo huria

Kila programu huandikwa kwanza na binadamu kwa lugha maalumu ya maelekezo, na maandishi hayo ndiyo yanayoitwa msimbo chanzo. Kisha hugeuzwa kuwa mfululizo wa ishara ambazo mashine huzitekeleza lakini binadamu hawezi kuzisoma kwa urahisi. Kampuni inayouza programu iliyofungwa humpa mteja ishara hizo tu, msimbo chanzo hubaki mikononi mwake, na mkataba wake humkataza mteja kuichunguza programu au kuibadili. Programu ya chanzo huria hutolewa pamoja na msimbo wake na kusindikizwa na leseni, yaani hati ya kisheria inayompa kila mtu ruhusa ya kuitumia kwa kusudi lolote, kuisoma, kuirekebisha na kuisambaza, iwe katika umbo lake la awali au baada ya kurekebishwa.

Tofauti hiyo inaeleweka vizuri mkoani Singida, ambako ukamuaji wa mafuta ya alizeti ni shughuli ya watu wengi. Anayenunua mashine ya kukamua hununua pia haki ya kuifungua: mkanda ukikatika au beringi ikisagika, fundi wa mjini huitwa, hufungua, hubadilisha kifaa, na kazi huendelea bila kumwomba ruhusa mtengenezaji aliye ng'ambo. Anayenunua programu iliyofungwa hana haki hiyo, kwa maana kasoro ikijitokeza hulazimika kumngoja mwuzaji, na mwuzaji akifilisika, akipandisha bei au akiamua kuachana na toleo lile, mteja hana pa kukimbilia.

Harakati za kuirudisha haki hiyo zilianza rasmi mwezi Septemba 1983, pale Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alipotangaza mradi wa GNU uliokusudia kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angekuwa huru kuusoma na kuubadili. Mwaka 1989 ilitolewa leseni ya GPL, ambayo humtaka anayesambaza programu iliyoboreshwa aitoe kwa masharti yale yale ya uhuru aliyoipokea nayo, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha mfumo endeshi kiitwacho Linux, ambacho leo kimo katika seva nyingi za dunia na ndani ya kila simu ya Android. Leseni hizo hazipingani na sheria ya hakimiliki, zinaitegemea. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inaitambua programu ya kompyuta kuwa kazi inayolindwa, na ni kwa sababu mwandishi wa programu anamiliki kazi yake ndipo anapoweza kuwaruhusu wengine waitumie kwa masharti aliyoyaweka.

Ni muhimu kutochanganya uhuru huo na bei. Mfumo wa chanzo huria unaweza kupatikana bila ada ya leseni na bado ukaigharimu halmashauri fedha nyingi za seva, umeme, intaneti, mafunzo na mishahara. Faida yake hasa ni kwamba fedha hizo zinaweza kulipwa kwa mtu yeyote mwenye ujuzi, akiwemo mhitimu wa chuo cha hapa nchini, badala ya kulipwa kwa kampuni moja iliyojihodhia ufunguo.

Vitabu vya MTUHA na mfumo wa DHIS2

Mfano ulio wazi kuliko yote nchini Tanzania umo katika sekta ya afya. Tangu miaka ya 1990 vituo vya afya vimekuwa vikitunza kumbukumbu kwa Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ujulikanao zaidi kwa kifupi chake, MTUHA, ambao msingi wake ni seti ya vitabu vikubwa vyenye namba. Muuguzi wa zahanati hufungua ukurasa uliochorwa safu nyingi, huandika tarehe, umri, mahudhurio, vipimo na dawa, mstari mmoja kwa kila mteja, na mwisho wa mwezi hujumlisha kwa mkono, kwa vijiti vya kuhesabia vilivyowekwa katika fomu ya tali, kisha hujaza ripoti inayopelekwa ngazi ya halmashauri. Kwa miaka mingi ripoti hizo zilichelewa, ziliharibika njiani au zilirundikwa makabatini bila kusomwa na yeyote aliyeweza kuzifanyia uamuzi.

Mfumo uliokuja kuibadili hali hiyo, DHIS2, una asili yake Afrika. Ulizaliwa katika juhudi zilizoanza nchini Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi, ambapo watafiti wa vyuo vikuu vya Cape Town na Western Cape walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kutafuta njia ya kuunganisha takwimu za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa misingi ya rangi. Toleo la kwanza lilitolewa bure, lakini lilijengwa juu ya programu ya hifadhidata ya kampuni ya Microsoft, hivyo kila aliyelitumia aliendelea kuitegemea bidhaa iliyofungwa. Toleo la pili liliandikwa upya kwa zana za chanzo huria na kwa namna ya kutumika kupitia intaneti, na leo hutumiwa na zaidi ya nchi 70.

Nchini Tanzania kazi ya kuupokea mfumo huo na kuutohoa iliongozwa kwa sehemu kubwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Wizara ya Afya, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 mfumo ulikuwa umesambazwa nchi nzima. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wataalamu hao waliweza kupanga fomu za kielektroniki zilingane na vitabu vya MTUHA ambavyo wauguzi walikwisha kuvizoea, na wakatengeneza programu za nyongeza, ikiwemo kadi ya alama inayoonyesha kwa rangi utendaji wa kila wilaya, ambazo baadaye zilitumika pia nje ya Tanzania. Hapo nchi iliyohesabiwa kuwa mpokeaji wa teknolojia iligeuka kuwa mchangiaji, na takwimu za kliniki za wajawazito mjini Singida zikaanza kuonekana katika mfumo ambao sehemu yake ilibuniwa na Watanzania wenyewe.

Afrika Mashariki ina mifano mingine ya aina hiyo. Mfumo wa OpenMRS, unaotunza kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, katika mpango wa matibabu ya Virusi vya UKIMWI uliohusisha Chuo Kikuu cha Moi, na baadaye ukaenea katika nchi nyingi. Ushahidi, programu ya kukusanya na kuweka taarifa za wananchi kwenye ramani, ilitengenezwa na Wakenya na wenzao katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na imetumika katika majanga na chaguzi za mabara mengine. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwawezesha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa, mifereji na maeneo ya mafuriko katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri na kuitumia. Katika mifano yote hii, thamani ilitokana na haki ya kuurekebisha mfumo ulingane na mazingira ya wanaoutumia.

Kazi inapokosa walezi

Historia hiyohiyo ina fundisho chungu. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi uliojulikana kwa jina la Kilinux na uliofadhiliwa na Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyokuwa kwa Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilikuwa imetangaza mpango wake wa kuziweka programu zake katika Kiswahili, lakini wanataaluma wa Dar es Salaam hawakuhitaji kuusubiri, kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulimruhusu mwenye lugha aingie na kutafsiri mwenyewe.

Programu, hata hivyo, haitafsiriwi mara moja ikaisha. Kila toleo jipya huja na maneno mapya yanayohitaji tafsiri na makosa mapya yanayohitaji kusahihishwa, na mwaka 2010, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun Microsystems, iliyokuwa ikiisimamia OpenOffice, sehemu kubwa ya waandishi wa OpenOffice walihamia mradi mpya wa LibreOffice, hivyo kila tafsiri ikalazimika kufuata njia mpya. Kazi ya namna hiyo haiwezi kutegemea ufadhili wenye tarehe ya mwisho, na ndiyo maana ofisi nyingi za umma nchini bado huandika barua za Kiswahili katika programu zenye menyu za Kiingereza.

Udhaifu huu hauihusu Afrika peke yake. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imepachikwa mlango wa siri na mtu aliyejipenyeza kwa miaka kadhaa hadi akaaminiwa na mtunzaji mkuu, ambaye alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa kujitolea na alikwisha kuzidiwa. Mlango ule ulibainika kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona mtambo wake ukichelewa kwa takribani nusu ya sekunde, akaamua kuchimba chanzo. Tukio hilo linathibitisha mambo mawili kwa pamoja: uwazi ulimwezesha mtu baki kuufichua uovu, na ukosefu wa malipo na wasaidizi ndio uliompa mwovu nafasi ya kuingia.

Kampuni kubwa na uwazi wa nusu

Kampuni za teknolojia zilipoitambua nguvu ya chanzo huria ziliacha kuipiga vita, zikaanza kuitumia, na katika baadhi ya mambo zikaitumia ili kujiimarisha. Simu nyingi zinazouzwa katika maduka ya Singida, zikiwemo za Tecno, Infinix na itel za kampuni ya Transsion ya China, hutumia mfumo endeshi wa Android, ambao msimbo wake wa msingi uko wazi. Hata hivyo, duka la programu, ramani na huduma ambazo programu nyingi huzitegemea ni mali ya Google na zimefungwa, na mtengenezaji wa simu huzipata kwa mkataba. Mwaka 2018 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa kuitumia mikataba hiyo kuwabana washindani, na mwaka 2019, Marekani ilipoiwekea vikwazo kampuni ya Huawei, simu mpya za Huawei zilibaki na msimbo wa Android lakini zikazikosa huduma za Google, jambo lililoonyesha kwamba mamlaka halisi yalikuwa katika ile sehemu isiyo wazi.

Hali kama hiyo ilijitokeza kwa namna nyingine katika simu ndogo. Mfumo wa KaiOS, uliotumika katika simu za bei nafuu kama Smart Kitochi ya Vodacom Tanzania ya mwaka 2019, ulitokana na mradi wa wazi wa Firefox OS ambao shirika la Mozilla lilikuwa limeuacha, hivyo kazi iliyofanywa kwa uwazi ikawa msingi wa biashara ya kampuni binafsi. Jambo hilo ni halali, na lilimfikishia intaneti mtu asiyemudu simu janja. Lakini linaonyesha kwamba leseni inayoruhusu kila kitu humruhusu pia mwenye mtaji kuijenga nyumba yake juu ya msingi wa wengine na kuufunga mlango. Ndiyo sababu uchaguzi wa leseni, kati ya ile inayolazimisha uwazi uendelee na ile isiyolazimisha, ni uamuzi wa kisera unaopaswa kufanywa kwa makusudi pale fedha za umma zinapotumika.

Taarifa za mtu na njia za mawasiliano

Msimbo unaweza kuwa wazi kabisa na bado mtu akadhurika, kwa kuwa madhara makubwa ya zama hizi hutokana na taarifa zinazokusanywa zaidi kuliko programu inayozikusanya. Tangu mwezi Mei 2019 kila laini ya simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole zinazohakikiwa katika kanzidata ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Mteja huweka kidole juu ya kifaa kidogo cha wakala, mara nyingi mezani pembeni ya barabara, na kuanzia hapo simu yake, miamala yake na mahali anapokuwa vinaunganishwa na utambulisho mmoja usiobadilika.

Uzito wa jambo hilo ulidhihirika mwaka 2014, pale kampuni ya Vodafone ilipochapisha ripoti ya maombi ya vyombo vya dola katika nchi inakofanya biashara, na Tanzania ikaonekana kuwa na maombi 98,765 ya taarifa za mawasiliano ya wateja katika kipindi cha mwaka mmoja. Ulidhihirika zaidi mwezi Septemba 2024, baada ya vyombo vya habari vya Uingereza kuripoti shauri la ajira jijini London, ambamo mchunguzi wa zamani wa Millicom, iliyokuwa mmiliki wa kampuni ya simu ya Tigo, alidai kwamba Tigo iliipa Serikali taarifa za simu za Tundu Lissu, mzaliwa wa mkoa wa Singida na aliyekuwa mbunge wa Singida Mashariki, katika wiki zilizotangulia kushambuliwa kwake kwa risasi jijini Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Hayo ni madai ya upande mmoja wa shauri. Lakini hata bila hukumu yanatosha kuonyesha kwamba kumbukumbu za simu zinaweza kugeuka suala la uhai, na kwamba mwananchi hana njia ya kujua ni nani ameziomba zake.

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutoa maoni na kutafuta habari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imempa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa kusudi gani, kuziona, kuzisahihisha na kulalamika, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa mwezi Aprili 2024. Hiyo ni hatua ya kweli inayostahili kuungwa mkono. Sambamba nayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizomtaka hata mwenye blogu alipie leseni, zilipunguza nafasi ya raia kusema; na katika uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mfumo uwe wazi kiasi gani, haumfai mtu aliyekatiwa njia ya kuufikia.

Kenya inaonyesha kwamba mahakama zinaweza kuwa ngao katika jambo hili. Mwezi Januari 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika shauri lililofunguliwa na Nubian Rights Forum na wenzake kuhusu Huduma Namba, mpango wa Serikali wa kuwasajili watu kwa utambulisho mmoja, ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa majira ya nukta ya makazi ya watu, na ikaagiza kwamba mpango huo usiendelee bila kuwekwa utaratibu kamili wa kisheria. Hukumu hiyo haikutegemea kama programu iliyotumika ilikuwa ya wazi au iliyofungwa. Ilitegemea haki ya mtu juu ya mwili wake na taarifa zake.

Yanayopaswa kufanywa

Kutokana na mifano hii, wajibu wa Serikali na wa halmashauri unaweza kutajwa kwa uwazi. Kwanza, programu inayotengenezwa kwa fedha za umma iwe mali ya umma, msimbo wake uhifadhiwe mahali ambapo wataalamu wa ndani wanaweza kuusoma na kuurekebisha, isipokuwa pale ambapo usalama umethibitishwa kudai vinginevyo. Baraza la Mawaziri la Afrika Kusini lilikwisha kupitisha sera ya kupendelea chanzo huria mwaka 2007, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ya Tanzania ina uwezo wa kuweka mwongozo kama huo. Pili, bajeti ya kila mfumo itenge fungu la matunzo la kila mwaka, na vyuo vilivyoko mikoani, ikiwemo kampasi ya Singida ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, vipewe nafasi ya kuwafundisha vijana kwa kuwatumia katika mifumo halisi. Tatu, kila mkataba na kampuni binafsi useme jinsi taarifa zitakavyorudishwa kwa mnunuzi, katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine, siku mkataba utakapokoma. Nne, kampuni za simu zilazimishwe kuchapisha kila mwaka idadi ya maombi ya taarifa za wateja zilizopokea, na maombi hayo yapitie kwa hakimu.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri, na kwamba mkoa unaohitaji maji, barabara na dawa hauna muda wa kujadili leseni za programu. Hoja hiyo inasahau kwamba bili za maji, vibali, mishahara na bohari za dawa tayari zinaendeshwa kwa programu, na kwamba mfumo usioweza kurekebishwa huichelewesha dawa kama inavyoichelewesha barabara mbovu. Halmashauri inayosaini mkataba wa mfumo mwaka huu inaamua ni nani atakayekuwa na mamlaka juu ya mfumo huo baada ya miaka kumi, na uamuzi huo unastahili kuwekwa mezani kwa madiwani, ukasomwa kifungu kwa kifungu na kuhojiwa hadharani, kabla wino haujakauka.